Miwaridi ya kale

Miwaridi ya kale ni jina la jumla la makundi ya miwaridi ya bustani yaliyokuwapo kabla ya mwaka 1867, ambao mkuzaji wa Kifaransa Jean-Baptiste Guillot alitoa aina iitwayo La France, inayohesabiwa kwa kawaida kuwa mwanzo wa miwaridi ya kisasa. Makundi ya Ulaya yaliyo maarufu zaidi, yaani gallika, damaska, alba na sentifolia, huchanua mara moja tu kwa mwaka, mwanzoni mwa majira ya joto, isipokuwa damaska ya vuli, ambayo huweza kutoa maua tena baadaye.

Kwa sababu hiyo wakulima wa bustani wa Uingereza huutazama mwezi wa Juni kama kilele cha mwaka. Katika bustani ya Mottisfont, jimboni Hampshire, ambako mtaalamu Graham Stuart Thomas alikusanya aina nyingi za kale katika miaka ya 1970, wageni humiminika wakati huo kuona maua yenye petali zilizosongamana na kunusa harufu yake kali.

Majira yanayofuata nayo yana kazi zake: kwa kuwa maua hutokea hasa kwenye matawi ya mwaka uliotangulia, miwaridi hiyo hupogolewa, yaani hupunguzwa matawi, mara baada ya kuchanua, aina kadhaa hupambwa na matunda mekundu wakati wa vuli, na majira ya baridi mmea hupumzika hadi machipukizi ya masika.