Kilwa Kisiwani na Mafunzo ya Mawe Yake

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mji mmoja wa kale katika pwani ya kusini ya Tanzania, yaani Kilwa Kisiwani.

Mara nyingi wanafunzi huniuliza, "Mwalimu, magofu yale ni kazi ya nani?" Wengine wameambiwa kuwa yalijengwa na majini kwa usiku mmoja. Wengine wamesikia kuwa wageni walikuja kwa merikebu, wakajenga kila kitu, kisha wakaenda zao. Majibu hayo mawili yana kosa moja: yote mawili yamwondoa mtu wa pwani katika habari za mji wake mwenyewe. Basi twendeni pamoja kisiwani tukayatazame mawe yenyewe, maana jibu limo ndani yake.

Anayetaka kwenda huanzia Kilwa Masoko, mji ulioko bara, yapata kilometa 300 kusini ya Dar es Salaam. Hapo hupata kibali cha kuzuru katika ofisi ya Serikali, kisha hupanda mashua na kuuvuka mkono wa bahari. Safari si ndefu. Kabla ya kushuka ataona kuta kubwa za ngome iliyo karibu na maji, iitwayo Gereza. Kwa sasa tuipite, tutarudi kwake.

Twendeni kwanza kwenye Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi, nayo ilianza kujengwa katika karne ya 11. Baadaye, katika karne ya 14, msikiti uliongezwa upande wa kusini ukawa mkubwa sana, wenye nguzo, matao na kuba. Simameni chini ya kuba hizo, mtazame juu, kisha mguse ukuta. Hili ni jiwe la matumbawe, lililotolewa katika bahari hii hii. Kinachoyashika mawe ni chokaa. Mafundi walipanga magogo, wakaweka juu yake vipande vya matumbawe, wakawasha moto mkali. Mawe yakageuka kuwa chokaa. Nazo nyumba zilizoezekwa kwa sakafu ya mawe zilibebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba: boriti ya mkoko ina urefu wake, na fundi hana budi kuufuata. Hata sasa wazee wa pwani wazijua kazi hizo. Mtu asiyeijua bahari hii na miti hii hangeweza kujenga hivi.

Ushahidi mwingine umo chini ya ardhi. Tangu mwaka 1958 mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alichimba Kilwa kwa miaka kadhaa. Chini ya kuta za mawe alikuta mabaki ya watu walioishi hapo kabla, tangu karne ya 9 hivi. Walijenga kwa miti na udongo, walivua samaki, na walifua chuma. Basi mji wa mawe haukushuka kutoka mbinguni. Ulikua kama mti, na mizizi yake ilikuwa katika kijiji cha wavuvi.

Je, wageni hawakuja? Walikuja. Masimulizi ya kale ya Kilwa yaeleza kuwa mwana wa mfalme wa Shirazi, jina lake Ali bin al-Hasan, alikinunua kisiwa kwa nguo nyingi, zilizotosha kukizunguka chote. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu wa kale waliozikwa katika miji ya pwani, Kilwa ikiwamo. Waliona kuwa wengi wao walikuwa wazao wa mama wa Kiafrika na baba waliotoka Asia, hasa Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Hivyo masimulizi ya wazee hayakuwa maneno matupu, lakini yalimtaja baba yakamsahau mama. Sisi tuwataje wote wawili.

Sasa tutembee upande wa mashariki mpaka Husuni Kubwa, juu ya jabali linaloikabili bahari. Jumba hili lilijengwa katika karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Lilikuwa na vyumba zaidi ya mia, na birika la kuogea lenye pembe nane ambalo mgeni aweza kuliona mpaka leo. Mali ya kujengea ilitoka wapi? Ilitoka katika dhahabu. Dhahabu ilichimbwa katika nchi za bara kusini, ikaletwa Sofala, na Kilwa ndiyo iliyoitawala biashara hiyo. Masultani wa Kilwa walitoa fedha zao wenyewe za shaba, na maneno yaliyoandikwa pande zake mbili yalilingana kwa vina. Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa mbali sana, katika magofu ya Great Zimbabwe.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mwenyeji wa Tangier, aliizuru Kilwa akaisifu kuwa ni mji mzuri uliojengwa vema. Alieleza pia ukarimu wa Sultani huyo. Siku ya Ijumaa Sultani alipotoka msikitini, maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa kumi. Naye Sultani, aliposikia watu wakisifu jambo lile, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Hadithi hii yapendeza, lakini ifikirini tena. Watu ishirini walitolewa kama nguo, na hakuna aliyeandika majina yao. Mji ulikuwa na utukufu, na utukufu ule ulikuwa na upande wake wa giza.

Kisha Wareno wakaja. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa ushuru wa dhahabu. Dhahabu hiyo ilipelekwa Ureno, na mwaka 1506 ikamalizika kutengenezwa chombo kizuri mno cha kuwekea Sakramenti, ambacho kimehifadhiwa katika makumbusho mjini Lisbon. Sisi Wakristo tukiiona picha yake, ni haki tukumbuke dhahabu ile ilitoka wapi, na ilipatikanaje. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji, askari wake wakauteka nyara, wakajenga ngome. Mwaka 1512 waliiacha, lakini biashara ya dhahabu ilikuwa imekwisha kuharibika.

Hapa turudi kwenye Gereza. Ngome tuionayo sasa ni kazi ya Waomani zaidi, ya karibu na mwaka 1800. Wakati huo Kilwa ilikuwa imepata mali tena, lakini mali ya uchungu. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alipatana na Mfaransa mmoja, jina lake Morice, kumwuzia watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Wakati huu wenyeji na wageni waliishika biashara hiyo pamoja. Tusimfundishe mtoto habari za dhahabu tu, tukaficha habari za minyororo. Mawe hayafichi.

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani, pamoja na yale ya kisiwa cha Songo Mnara, yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zikianguka, na bahari ilikuwa ikiila pwani. Sehemu ya Gereza imekwisha kuchukuliwa na maji. Kazi kubwa ya kutengeneza ikafanywa, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo ya hatari. Lakini mawimbi hayakusoma tangazo lile. Mikoko huvunja nguvu za mawimbi. Aikataye ovyo huifungulia bahari mlango. Mzizi wa mti huingia ukutani polepole kama mwizi. Naye mtu achukuaye jiwe moja kwenda kujengea jiko lake amerarua ukurasa katika kitabu kisicho na nakala ya pili.

Basi, ndugu zangu, mkipata nafasi nendeni. Walimu, wapelekeni wanafunzi. Nendeni na maji ya kunywa, kofia na viatu imara. Msipande juu ya kuta, wala msiokote kigae wala sarafu. Mchukueni mwenyeji wa kisiwa awaongoze, nanyi mmlipe haki yake. Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mtakaporudi, na mtoto akawauliza magofu yale ni kazi ya nani, mwambieni: ni kazi ya mikono ya watu wa pwani hii, waliowapokea wageni, wakajifunza kwao na kuwafundisha, walifanya mema na mabaya, kama sisi. Kisha mwambieni kwamba kuyatunza ni kazi yake yeye. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini ukuta wa Kilwa ukianguka, hakuna awezaye kuujenga tena ukawa ule ule.