Meinhof: Jina la ngeli, jina la bunduki

Aliyesoma isimu chuoni analijua jina Meinhof kupitia ngeli. Mtajie Mjerumani wa makamo jina lilo hilo, naye atafikiria bunduki. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza, "Kwani hao ni jamaa, Mwalimu?" Naam, ni jamaa.

Carl Meinhof alizaliwa mwaka wa 1857 huko Pomerania, akawa mchungaji wa kijijini kabla ya kuzama katika lugha za Kibantu. Akiendeleza kazi ya Wilhelm Bleek, alizipanga ngeli kwa nambari: mtu 1, watu 2, mti 3, miti 4, hadi kitu na vitu, 7 na 8. Shuleni tunaimba A-WA na KI-VI, lakini ukifika chuo kikuu nambari hizo zinakusubiri mlangoni. Na kusema kweli zina faida. Kiti cha Waswahili, gĩtĩ cha Wakikuyu na isihlalo cha Wazulu vyote vimo katika ngeli ya 7, hata kama viambishi havifanani. KI-VI haiwezi kukuonyesha hilo.

Lakini bingwa huyu alikuwa na upande wa pili. Katika kitabu chake cha 1912 kuhusu lugha alizoziita za Kihamu, alichanganya isimu na ubaguzi wa rangi, akakitia Kimaasai kapu moja na Kisomali na Kifulani. Joseph Greenberg alikuja kulipangua kapu hilo. Mwaka wa 1933 Meinhof alijiunga na chama cha Hitler. Mimi bado nafundisha nambari zake, ila simfichi mwenyewe.

Ulrike Meinhof, mjukuu wa ndugu yake, alizaliwa 1934. Alikuwa mwanahabari hodari wa mrengo wa kushoto. Mwaka wa 1970 alisaidia kumtorosha mfungwa Andreas Baader, na magazeti yakaliita kundi lao Baader-Meinhof. Alifia gerezani 1976. Baadaye akageuka mhusika: Elfriede Jelinek alimtia katika tamthilia ya *Ulrike Maria Stuart*, naye Martina Gedeck akamwigiza katika filamu ya 2008.

Tena jina likahama. Wajua ile hali ya kujifunza neno leo, kesho ukalikuta kila mahali? Wamarekani huiita Baader-Meinhof. Aliyeipa jina la kitaalamu, mwaka wa 2005, ni mwanaisimu vilevile, Arnold Zwicky.