Unanunua gari ya spoti iliyotumika Mwanza? Hizi ndizo ziada za kulipia

Madalali wa magari wana neno moja linalopandisha bei ndani ya dakika mbili: "ful opsheni". Utaambiwa hii Subaru ni ful opsheni, ina rimu kubwa, spoila, bomba la moshi pana, siti za ngozi na skrini ya kisasa. Ukiwa mgeni wa gari hizi unaona umepata bahati.

Ukweli ni kwamba kwenye gari ya spoti, ziada zenye thamani ni zile kiwanda kilizifunga chini ya gari na ndani ya injini. Zile zinazopendeza kwenye picha ya WhatsApp mara nyingi ndizo zitakazokutoa hela baadaye.

Kwa mitaa yetu gari ya spoti maana yake si Ferrari. Ni Subaru Impreza WRX na STI, Forester ya turbo, Toyota Altezza, na kwa wanaotaka sedani kubwa yenye kasi, Mark X. Zote zinatoka Japani, stelingi iko kulia, na nyingi zina zaidi ya miaka 10.

Turbo: huku ina maana kuliko Dar

Mwanza iko juu. Ziwa Victoria lenyewe liko karibu mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na ukipanda Bugando au Capri Point unaongeza. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo injini isiyo na turbo inapoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Gari ileile iliyokuwa inachomoka vizuri Dar, hapa inapanda mlima ikiwa nzito kidogo. Usimkimbilie fundi, ni hewa tu.

Turbo inaisukumia injini hewa, hivyo upungufu huo inaufidia kwa sehemu kubwa. Hapa basi turbo inastahili kulipiwa, ila tu kama iko vilevile ilivyotoka kiwandani.

Sababu ni mafuta. WRX na STI za soko la Japani zilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo kule hufikia oktani 100. Petroli ya kwenye vituo vyetu haifiki hapo. Injini ikiachwa na mipangilio ya kiwanda huwa inajirekebisha yenyewe na kupunguza makali. Lakini kama mwenye gari aliongeza presha ya turbo ili ikimbie zaidi, injini inaanza kugonga ndani kwa ndani, na kinachofuata ni pistoni kuvunjika. Gari ya namna hiyo unaweza kuinunua Jumamosi na ikafika kwa fundi kabla mwezi haujaisha.

Kwa hiyo ukisikia "hii imechezewa kidogo, inatoka kama risasi", hiyo ni sababu ya kushusha bei au kuondoka.

Na ule mlio wa "pshuu" ukiachia mafuta, ambao vijana wanaupenda sana? Kwenye Subaru nyingi za turbo, hewa inapimwa na sensa kabla ya kufika kwenye turbo. Vali inayoimwaga nje ili ipige kelele inaifanya injini imwage petroli kwa hewa ambayo haipo tena. Matokeo yake ni moshi mweusi, plagi chafu na petroli inayopotea bure. Vali ya kiwanda haipigi kelele kwa sababu inairudisha hewa ndani. Uliza kama ipo, hata kama iko kwenye boksi stoo.

Breki kwanza, mengine baadaye

Kama una pesa ya ziada moja tu, iweke hapa. STI nyingi za kati ya 2000 na 2007 zilitoka na breki za Brembo, mbele pistoni nne na nyuma mbili. Kwa mji wenye miteremko kama huu, na kwa mtu anayesafiri barabara ya Shinyanga hadi Dar, zaidi ya kilomita 1,100, hiyo ni ziada ya kuokoa maisha. Breki kubwa zinapoa haraka na hazichoki ukishuka mlima huku umebeba watu.

Angalizo: kuna vifuniko vya plastiki vyekundu au vya dhahabu vilivyoandikwa Brembo, vinavyovishwa juu ya breki za kawaida. Chungulia katikati ya spoku za rimu. Ukiona plastiki imening'inia juu ya chuma chenye kutu, umeshapata jibu. Breki halisi pia zina gharama yake: pedi na diski zake si zile za Impreza ya kawaida, na usitegemee kuzikuta kila duka la Mwanza. Mara nyingi mzigo unaagizwa Kariakoo au Ilala na kupakiwa kwenye basi. Ulizia bei yake kabla hujalipia gari.

ABS na mifuko ya hewa nayo ni ziada za kulipia, lakini hakikisha zinafanya kazi. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa za ABS na airbag lazima ziwake kwenye dashibodi, kisha zizime zenyewe. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki imewaka, maana kuna mtu ametoa balbu ili usijue.

Altezza: ipi hasa?

Altezza ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, na hapa ndipo watu wengi wanalipa pesa ya RS200 wakaondoka na AS200 yenye stika.

RS200 ina injini ya silinda nne, 3S-GE, yenye nguvu ya farasi 210 kwenye manyuo. AS200 ina silinda sita, 1G-FE, farasi 160. Kwenye karatasi RS200 inashinda. Kwa mtu anayeishi Mwanza na gari ndiyo hiyohiyo ya kila siku, mimi ningechukua AS200.

Injini ya 1G-FE ni ndugu wa ile iliyo kwenye Mark II Grande, ile GX110 iliyojaa mitaani, kwa hiyo mafundi wanaijua na spea zipo. Hiyo 3S-GE ya Altezza isikudanganye kwa jina la 3S. Si ile ya RAV4 za zamani. Ina vali na kichwa chake cha pekee, inataka petroli ya daraja la juu, na ikiharibika kichwani utaisubiri spea kwa muda.

Ukiamua RS200, ziada ya kutafuta ni difu ya Torsen, iliyofungwa kwenye baadhi yake. Altezza inasukumwa na tairi za nyuma, na kwenye mlima uliolowa mvua difu ya kawaida inazungusha tairi moja huku nyingine imetulia. Torsen inagawa nguvu kwa zote mbili. Muuzaji akisema ipo, fundi aipandishe gari na kuthibitisha.

Kwa Altezza yoyote, boljointi za chini za mbele zikaguliwe. Zikilegea zinaweza kuachia gari likiwa kwenye mwendo.

Usisome stika, soma chasisi

Hii ni bure na inaokoa milioni. Fungua boneti utafute kibao cha chasisi.

Altezza yenye namba inayoanza na SXE10 ndiyo RS200. GXE10 ni AS200. Kwa Impreza za 2000 hadi 2007, STI inaanza na GDB na WRX inaanza na GDA. Forester ya kizazi cha pili yenye turbo ya lita 2.0 ni SG5, ile ya STI ya lita 2.5 ni SG9. Nembo ya rangi ya pinki kwenye grili haithibitishi chochote, inanunuliwa dukani.

Namba hiyohiyo lazima ifanane na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Isipofanana hata kwa tarakimu moja, acha.

Manyuo au otomatiki?

STI za manyuo zenye gia sita zina gia boksi imara kwelikweli. WRX ya gia tano ni dhaifu zaidi, hasa kama aliyekuwa nayo alikuwa anapenda kuondoka kwa kishindo. Kabla ya kuilipia manyuo, ipeleke mlimani. Ukiwa mwendo mdogo weka gia ya nne, kisha kanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ukipanda haraka huku gari haiongezi mwendo, klachi imekwisha. Mlima wa Bugando unatosha kwa mtihani huu, ila chagua muda usio na foleni na usiwakere wanaokwenda hospitali.

Otomatiki ni sawa kwa mizunguko ya mjini. Usiione aibu. Nguvu zinapungua kidogo kwenye WRX, lakini nyingi hazikuteswa kama manyuo.

Ziada za kuacha zipite

Rimu kubwa na tairi nyembamba zinaongoza. Ukitoka lami kuu kuingia mitaa yenye mawe, shimo moja linapinda rimu na kupasua tairi. Kumbuka pia rimu za Subaru hazifanani zote: WRX ina nati tano kwa kipimo cha 100, STI za kuanzia 2005 ni 114.3. Ukikuta rimu zimelazimishwa kwa vipande vya kati, shuka. Tairi nazo zisome: tarakimu nne pembeni zinaonyesha wiki na mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Shokapu za kushusha gari ni hivyohivyo. Matuta yetu hayana huruma, na kama unavuka kwenda Sengerema kwa kivuko cha Kamanga, bampa lililoshushwa litalamba chuma cha kupandia. Bora daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, linakuvusha bila kukwaruza.

Paa la kioo linapendeza sana, lakini mifereji yake midogo inaziba kwa vumbi, na mvua ikinyesha maji yanaingia kwenye zulia na nyaya. Skrini ya ramani ya Kijapani haijui Igoma wala Buhongwa, simu yako inatosha. Zile swichi za kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma zilizopo kwenye baadhi ya STI ni tamu kwenye mashindano. Mjini hutazigusa.

Siti za asili za spoti, kama hazijachanika, zichukue. Taa kali za kiwanda pia, kwa anayesafiri usiku. Lakini balbu kali zilizochomekwa baadaye zinawapofusha wenzako, na trafiki ana haki ya kukusimamisha.

Asubuhi ya kukagua

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti; ikiwa ya moto, kuna kinachofichwa, kwa sababu matatizo mengi hujionyesha injini ikiwa baridi. Moshi wa bluu unaotoka baada ya gari kusimama ikiunguruma dakika chache unaashiria oili inapita, huenda kwenye turbo. Mapovu kwenye chupa ya maji ya rejeta yanaashiria gasketi ya silinda hedi. Chomoa kijiti cha oili: Subaru ya turbo iliyopungukiwa oili ni ya kuogopa.

Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini na risiti iko wapi. Kwenye EJ20 ya turbo mkanda ukikatika, vali zinagongana na pistoni. Kwa kawaida hubadilishwa kwenye kilomita 100,000, na pampu ya maji hubadilishwa hapohapo. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa na utoe gharama hiyo kwenye bei.

Kodi na karatasi

Kama unaagiza mwenyewe kutoka Japani, ukubwa wa injini ni ziada inayolipiwa TRA. Injini inayozidi cc 1,000 lakini isiyozidi cc 2,000 ina ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, ikizidi hapo ni asilimia 10. Subaru ya lita 2.0 na Altezza ziko upande nafuu, Mark X ya lita 2.5 iko upande mwingine. Juu yake kuna ya uchakavu: asilimia 15 kwa gari ya miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 ikizidi miaka 10. Altezza zote ziko kwenye hiyo 30, ndiyo maana iliyopo tayari nchini, ikiwa nzima, huwa na hesabu nzuri kuliko ya kuagiza. Kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni, ingiza modeli na mwaka kabla ya kutuma hela.

Kwa gari ya mkononi, angalia kama ina madeni ya trafiki, jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na umiliki ubadilishwe TRA mara moja. Ukikata bima kubwa, iambie kampuni kila kilichobadilishwa kwenye gari, kuanzia turbo hadi rimu. Usipokitaja, watakitaja wao siku ya kudai.