Kutoka Marufuku ya 1974 hadi Kufuli Lililo Ndani ya Kompyuta

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Katazo lile lilijulikana limetoka kwa nani, hivyo liliweza kujadiliwa na hatimaye kuondolewa. Kompyuta zikatufikia hata sisi wa Mbeya na Iringa, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Kufuli la pili, hata hivyo, halikuwekwa bandarini.

Kufuli hilo lilienea kuanzia mwaka 2001, Microsoft ilipotoa Windows XP. Namba ya leseni pekee haikutosha tena. Mfumo endeshi ulipaswa kuamilishwa ndani ya siku 30. Programu ilizikagua sehemu za kompyuta, kama vile prosesa, diski na memori, ikaunda alama ya utambulisho. Kubadilisha sehemu moja hakukuleta shida. Zikibadilishwa nyingi, mfumo uliiona kompyuta kuwa ngeni na kudai uamilishwe upya.

Leseni iliyonunuliwa peke yake huweza kuhamishwa. Ile iliyouzwa pamoja na kompyuta, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, hufungwa kwenye ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi. Kwa masharti ya Microsoft, ubao ukibadilishwa kwa ubovu, leseni huendelea; ukibadilishwa ili kuiboresha kompyuta, leseni hukoma. Kwa fundi wa Mwanjelwa, kazi ni moja na bisibisi ni ileile.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kunijia Iringa na kompyuta iliyowekewa ubao wa mtumba. Tasnifu yake ilikuwamo, na kwenye kioo kulikuwa na onyo kwamba mfumo wake si halali. Leseni mpya ilizidi bei ya ubao, naye akaukraki mfumo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta. Hivyo kijana aliyekuwa na leseni halali akageuka mkosaji kwa kutengeneza mali yake.

Tarehe 14 Oktoba 2025 hali iligeuka. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Awali kifaa kipya kiliua leseni. Sasa leseni ni hai, lakini kifaa ndicho kinachokataliwa.

Njia nyingine ipo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili. Mifumo endeshi huria kama Linux nayo haiulizi nani kabadilisha ubao. Ndugu watumishi wa umma, kabla ya kusaini zabuni ijayo ya kompyuta za halmashauri, ulizeni swali moja: ubao mama ukifa, leseni inabaki kwa nani?