Kazi na Wenye Ulemavu wa Akili katika Nchi ya Mpanda

Zamani, kabla mkoa wa Katavi haujaanzishwa mwaka 2012, Mpanda ilijulikana kwa risasi na reli. Madini ya risasi yalichimbwa Mukwamba na kampuni ya Uruwira Minerals, na kwa ajili yake ikajengwa reli ya kilomita 210 hivi kutoka Kaliua, iliyofika Mpanda mwaka 1950. Kwa miaka kumi palikuwapo hapo kazi ya mshahara kwa watu wengi chini ya bwana mmoja. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Reli ikabaki, bwana yule hakuwako tena, na wenyeji walio wengi wakaendelea kula kwa jembe.

Msomaji ataona kwamba habari hii i mbali na watu wazima wenye ulemavu wa akili, yaani wale ambao kujifunza jambo jipya huwachukua muda mrefu kuliko wenzao. La, ni jirani mno. Sheria za kuwapatia kazi zimetungwa kwa kumfikiria mwajiri wa namna ya mgodi ule.

Tuitazame miaka. Shule ya wasioona ya Buigiri ilianzishwa mwaka 1950, na shule ya viziwi ya Tabora mwaka 1963. Wenye ulemavu wa akili walingoja hata 1982 ndipo elimu yao ilipoanza shuleni. Aliyezaliwa Mpanda siku za mgodi alikwisha kuwa mtu mzima. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria iliyomtaka mwajiri wa watu 50 au zaidi awe na walemavu asilimia 2. Sheria ya mwaka 2010 iliteremsha hesabu ya wafanyakazi hadi 20, ikapandisha sehemu ya walemavu hadi asilimia 3. (Asilimia 3 ya watu 20 haifiki mtu mmoja kamili, na mwajiri bahili hakosi kuligundua hilo.) Tena hesabu hii haitengi ulemavu na ulemavu. Mwajiri aweza kuitimiza kwa kuwachukua wenye vyeti tu, wala asimwone kamwe yule ambaye lugha yetu, bila haya, ilizoea kumwita punguani, kana kwamba kuna kipimo alichopungukiwa.

Basi kazi iliyopo ni ya shamba, na katika Mpanda shamba mara nyingi maana yake ni tumbaku. Majani huchumwa kwa zamu, ya chini kwanza, jinsi yanavyoiva. Hufungwa kwenye vijiti, hutundikwa katika bani, na moto hutunzwa mchana na usiku. Kisha huchambuliwa kwa madaraja, kwa rangi na kwa mahali jani lilipoota. Hapana shaka kwamba kufunga vijiti na kuleta kuni ni kazi awezayo kuishika vema mtu aliyeonyeshwa kwa mkono, hatua moja moja. Ugumu huanza pale anapoagizwa mambo matatu kwa pumzi moja, au moto unapotakiwa kubadilishwa usiku bila mtu wa kumkumbusha. Akikosea, hulaumiwa yeye, si maagizo.

Lakini taabu iliyo kubwa kuliko zote ni ujira. Afanyaye kazi kwa jamaa yake huambiwa kwamba anasaidia, naye hulipwa chakula na nguo. Wakati wa Waingereza, hasa katika mashamba ya mkonge, kibarua alikuwa na kipande: kadi ya siku 30, kila siku ya kazi ikitiwa alama, na mshahara ukatolewa kadi ilipojaa. Kipande kilichukiwa, na kwa haki, kwani kilimfunga mtu. Walakini siku iliyofanyiwa kazi iliandikwa. Anayekesha penye bani la nduguye leo hana kadi. Msimu ukiisha, marobota hupimwa na fedha hulipwa kwa jina la mwanachama aliyeandikwa katika chama cha msingi, na siku za yule aliyeleta kuni hazimo katika daftari lolote.