Nakala, shehena na orodha: Jinsi faili za kidijitali zilivyopata furushi lake

NENO 'nakala' lilitufikia kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka mzizi wake una maana mbili ambazo sisi tumebaki na moja. Kwetu nakala ni kitu kilichonakiliwa, basi. Katika Kiarabu, mzizi huo wa n-q-l hubeba maana ya kunakili na vilevile ya kuhamisha: kuchukua kitu hapa na kukifikisha pale. Nimeanza na asili hii kwa sababu wakutubi na wahifadhi wa Marekani walilazimika kutumia miaka kadhaa, na pesa si haba, kujifunza jambo ambalo mzizi huo unalidokeza. Kila unaponakili unahamisha, na mambo mengi huharibikia safarini.

Tuiweke kando kwanza imani moja iliyotuganda. Wengi wetu hudhani kwamba hati ikishapigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta imehifadhika. Eti mchwa ni wa karatasi. Karatasi ina heri, kwa kuwa ikioza utaona na hata harufu utaisikia. Faili hufa kimyakimya. Diski inachoka, umeme unapotea faili zikiwa katikati ya uhamisho, au karani anaburuta folda kumi na moja inabaki nyuma. Folda zile tisa zinafunguka vizuri, kila mtu anaenda nyumbani akiwa ameridhika, na pengo linagunduliwa miaka kumi baadaye na mtafiti asiyejua hata amuulize nani.

Wanakili wa zamani waliijua hatari hii. Katika hati nyingi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikiwemo za pwani yetu, chini ya ukurasa utakuta neno limewekwa peke yake. Hilo ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Kazi yake ilikuwa kumwonyesha msomaji, au fundi wa kujalidi, kwamba hakuna karatasi iliyochomoka wala kupangwa visivyo. Zaidi ya hapo, wanazuoni walikuwa na desturi ya muqabala, yaani kuiweka nakala mpya mbele ya ile ya asili na kuzisoma sambamba, kisha kutia alama pambizoni pale walipofikia. Kiswahili kina neno 'mkabala', lakini ile kazi ya kukabilisha maandishi imetoka katika maana yake tunayoitumia leo. Ni hasara, kwa sababu kazi yenyewe imerudi kwa kishindo.

Ilirudi hivi. Mnamo Desemba 2000, Bunge la Marekani liliiagiza Maktaba ya Kongresi kuandaa mpango wa kitaifa wa kuhifadhi kumbukumbu za kidijitali, na likaitengea dola milioni 100. Miongoni mwa majaribio ya mpango huo lilikuwepo moja lililoonekana jepesi mno. Chuo Kikuu cha George Mason kilikuwa kimekusanya kumbukumbu za shambulio la Septemba 11, 2001: barua pepe, picha, sauti na masimulizi ya watu wa kawaida. Mkusanyiko huo ulikuwa na takriban faili 57,000, zenye ukubwa wa gigabaiti 12 hivi. Siku hizi mzigo kama huo unaingia kwenye simu na nafasi ikabaki. Vyuo vikuu vinne, yaani Harvard, Johns Hopkins, Old Dominion na Stanford, vilipewa mkusanyiko huo vijaribu kuupokea, kuutunza na kuupitisha kwa wenzao.

Waliotarajia kwamba ugumu ungekuwa katika utunzaji walishtuka. Ugumu ulianzia mlangoni, katika kupokea tu. Kila taasisi ilikuwa na mfumo wake wa kuzipanga faili na kuzipa majina. Kilichokubalika huku hakikukubalika kule. Maelezo yaliyoandamana na faili yalieleweka kwa aliyeyaandika zaidi kuliko kwa aliyeyapokea. Haya yaliyapata maktaba tajiri, zenye wataalamu wa kutosha.

Ndipo, kuanzia mwaka 2007 hivi, Maktaba ya Kongresi na Maktaba ya Kidijitali ya California, ambazo zilikuwa zikipelekeana shehena kubwa za faili, zikakubaliana juu ya namna moja ya kufunga mzigo. Waliiita BagIt. Jina hilo linatokana na msemo wa mtaani wa Kiingereza unaohusu kutia kitu mfukoni na kukibandika alama. Wazo lenyewe lilikuwa limetangulia kwa watafiti wa Japani, walioeleza mwaka 2005 namna ya kufungasha kumbukumbu na kuziweka amana katika taasisi nyingine. Maelezo ya BagIt yalianza kusambazwa kama rasimu, na Oktoba 2018 yakachapishwa rasmi kwa jina la RFC 8493. Miaka kumi nzima kwa jambo ambalo, ukiliangalia, ni folda tu.

Naam, ni folda. Ndani yake mna folda nyingine iitwayo 'data', ambamo zimo faili zenyewe unazotaka kutunza. Nje ya hiyo 'data', lakini ndani ya folda kuu, mna faili chache za maandishi matupu, ya aina inayoweza kufunguliwa na kompyuta yoyote. Moja ina mistari miwili tu ya kutangaza kwamba hili ni furushi la BagIt na limeandikwa kwa utaratibu gani wa herufi. Nyingine ndiyo roho ya mambo. Ni orodha inayotaja kila faili iliyomo, na kando ya kila jina pana msururu wa herufi na tarakimu. Msururu huo hupatikana kwa kuipitisha faili nzima, baiti kwa baiti, katika hesabu maalumu. Hesabu ya SHA-256, kwa mfano, hutoa alama 64, faili iwe ya ukurasa mmoja au filamu ya saa tatu. Ukigusa koma moja ndani ya faili, msururu wote unageuka usitambulike. Kwa hivyo anayepokea mzigo hahitaji kuzisoma faili wala kuelewa lugha iliyomo. Anarudia hesabu kwake na kulinganisha na orodha. Hiyo ndiyo muqabala yetu, ila inafanywa na mashine.

Hapa lugha yetu ina la kusema. Waliobuni utaratibu huu walikopa msamiati wa mabaharia: yaliyomo waliyaita kwa neno la shehena, na orodha wakaiita kwa neno la hati anayobeba nahodha kuonyesha amepakia nini. Mswahili hana haja ya kutafuta mbali. Shehena anaijua, orodha ya shehena anaijua, na bandarini Mombasa maneno haya hayajapata kulala. Linalosumbua ni jina la chombo chenyewe. Wapo watakaopendelea 'mfuko', lakini mfuko hukaa wazi. Mimi ningechagua 'furushi', kwa sababu furushi limefungwa na mwenyewe kwa ajili ya mbebaji mwingine. Tena tusichanganye 'kuhakiki' na 'kuthibitisha', kama tufanyavyo kila siku redioni. Kuhakiki ni ile kazi ya kupima. Kuthibitisha ni kauli unayoitoa baada ya kupima. RFC 8493 nayo hutofautisha furushi kamili na furushi sahihi. Kamili ni lile ambalo kila kilichoorodheshwa kimo na hakuna cha ziada katika shehena. Sahihi ni lile ambalo, juu ya kuwa kamili, kila faili imepimwa na ikalingana na orodha.

Kuna kipengele kingine kidogo, cha hiari, ambacho msomaji wa Kenya ana sababu ya kukipenda. Mfungaji anaweza kuandika jumla mbili: shehena ina baiti ngapi na faili ngapi. Mpokeaji akihesabu na kukuta upungufu, anajua papo hapo kwamba kuna kitu kimepotea, hata kabla ya kupima faili moja moja. Idadi tupu, basi. Ina faida gani?

Mwaka 1963, uhuru ulipokaribia, serikali ya kikoloni iliondoa Nairobi nyaraka ambazo haikutaka serikali mpya izione. Nyingine zilichomwa moto. Zilizosalia zilisafirishwa kwenda Uingereza. Kenya ilianza kuzidai mwaka 1967, ikawa inapigwa danadana. Miongo ilipita. Wazee walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau waliposhtaki katika Mahakama Kuu ya London mwaka 2009, mwanahistoria David Anderson alieleza katika ushahidi wake kwamba karatasi za wakati ule zilitaja mzigo wa takriban faili 1,500 katika makasha 300. Alikuwa na hesabu mkononi, si uvumi. Mapema mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa nazo, katika majengo ya Hanslope Park, pamoja na faili za makoloni mengine. Jumla zilitajwa kuwa 8,800 hivi, kutoka makoloni 37. Juni 2013 ikatangazwa fidia ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Ushahidi wa kesi ulikuwa na mengi zaidi ya hesabu hiyo, na miili ya wale wazee ilikuwa ushahidi wa kwanza. Lakini pasipo idadi ile ya makasha, ingekuwa rahisi mno kuendelea kusema hakuna kitu.

Furushi la BagIt nalo lina mipaka yake. Mhalifu anayeweza kuibadilisha faili anaweza pia kuibadilisha orodha, ikiwa zote mbili zimelala katika diski moja. Ndiyo maana wahifadhi makini huweka nakala ya orodha mahali pengine. Hesabu zenyewe huzeeka. MD5, iliyochapishwa mwaka 1992 na kutumiwa kila mahali, ilipata pigo mwaka 2004 Xiaoyun Wang na wenzake walipoonyesha faili mbili tofauti zenye msururu mmoja. Kwa bahati mbaya za kawaida, kama diski kuchakaa, MD5 bado hushika. Kwa hila ya makusudi haiaminiki, na RFC 8493 inahimiza SHA-512. Zaidi ya hayo, furushi linaweza kuwa sahihi kabisa na bado hakuna programu ya kufungua kilichomo. Hilo ni tatizo jingine, lenye historia yake.

Turudi pwani. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Kanuni ya mpango huo ni njema: hati asilia zisitoke nchini, na picha zikae kote kuwili, kwa wenyeji na London. Oktoba 2023 genge la wadukuzi lijiitalo Rhysida liliivamia mitambo ya maktaba hiyo. Huduma zake za mtandaoni zilizimika, na kwa miezi mingi mtu aliyetaka kuzisoma hati za mipango hiyo kupitia London alikuta mlango umefungwa. Katika ripoti yake ya Machi 2024, maktaba ilieleza kwamba ilikuwa na nakala salama za makusanyo yake ya kidijitali. Kilichokosekana ni mitambo ya kuzirejesha.

Kwa msomaji aliye Lamu, Nairobi au popote, swali lililobaki ni lile la mpokeaji wa shehena. Akiwa na diski yake yenye picha zile, anajuaje kwamba zote zimo na hazijaharibika, bila kuingoja London iwashe taa? Kama diski ilikuja na orodha, ataendesha amri moja na kwenda kunywa kahawa wakati kompyuta inahesabu. Kama haikuja nayo, atazifungua picha moja baada ya nyingine, akitazama chini ya kila ukurasa lile neno ambalo mnakili aliliweka peke yake, na kuangalia kama ukurasa unaofuata unaanza nalo.