MBEGU ZA PORI NA MAPAMBO YA WANAWAKE: HISTORIA FUPI



Tunapoadhimisha miaka 10 ya kuweka na kukopeshana, wapo akina mama wanaouliza: je, kuokota mbegu za porini na kutunga mikufu na bangili hakuwezi kuwa mradi wetu? Swali ni zuri. Lakini kabla hatujatia fedha zetu hapo, hebu tujue kazi hii imetoka wapi.

Kujipamba ni jambo la kale mno katika nchi yetu. Katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, wataalamu wamefukua shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa makumi ya maelfu ya miaka. Shanga za mbegu za kale hivyo hazionekani, kwa sababu mbegu huoza na kuliwa na wadudu. Ndiyo maana historia yake haimo sana vitabuni. Imekaa mikononi mwa mabibi, na bibi akifariki huondoka nayo.

Mbegu hazikuwa pambo tu. Huko pwani na visiwani Unguja, Pemba na Mafia kuna komwe, mbegu ngumu ya kijivu ya kichaka chenye miiba. Huelea baharini muda mrefu bila kuoza, na kwa njia hiyo imefika visiwa vingi vya joto duniani. Wazee hucheza nayo bao: kete 64 katika mashimo 32. India nayo, masonara walipima dhahabu kwa mbegu nyekundu yenye jicho jeusi, ile tuiitayo tipitipi. Moja ina uzito wa kama gramu 0.12. Basi mbegu ilikuwa hesabu na mizani kabla ya kuwa mkufu wa kuuza.

Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilileta bara shanga za kioo kutoka Venice na India kupitia Zanzibar. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba kila sehemu ilikuwa na shanga inayoipenda, na mfanyabiashara aliyeleta isiyopendwa alipata hasara. Nyekundu za samisami zilipewa jina la utani lenye maana ya "mmaliza chakula", kwani mtu aliweza kutoa mlo wake ili azipate. Akina mama, hapo pana somo! Watu walitoa chakula na pembe za ndovu kwa kitu kilichotengenezwa ng'ambo, na mbegu ya porini ikaanza kuonekana kitu cha maskini. Hata nguo za pamba zilizofumwa Ufipa na hapa bondeni Rukwa zilififia vivyo hivyo baada ya nguo za viwandani kuenea.

Hata hivyo mbegu haikufa. Ipo nyasi ya kando ya maji yenye mbegu za kijivu zinazong'aa, ambayo Wazungu huiita machozi ya Ayubu. Asili yake ni Asia, ila imeenea Afrika. Mbegu yake ina tundu la asili, hivyo katika nchi nyingi hutungwa rozari. Mbegu ya mkongo nayo, nyeusi yenye kofia nyekundu, hupendwa sana na wageni kwenye maduka ya vinyago.

Sasa tuje kwenye hatari. Tipitipi inapendeza kwa macho lakini ndani ina sumu kali. Ikimezwa nzima huweza kupita bila madhara kwa sababu ya ganda lake gumu, lakini ikitobolewa au kutafunwa inaweza kuua, na shanga yoyote lazima itobolewe. Mtoto hutia mkufu wa mama mdomoni, si mnajua wenyewe. Mwaka 2011 bustani moja maarufu ya Cornwall, Uingereza, ililazimika kuwaomba wateja warudishe bangili zaidi ya 2,000 za mbegu hizo zilizotoka Peru. Mbegu nyekundu za mwamba-ngoma nazo zina sumu. Kwa hiyo kikundi chetu kisitunge wala kuuza aina hizo mbili, hata mteja aongeze bei.

Jambo la pili ni pori lenyewe. Mkongo umekatwa mno kwa mbao. Mwaka 2022 nchi za mkataba wa CITES zilikubaliana kusimamia biashara ya kimataifa ya mbao za mikongo ya Afrika. Sisi tunaookota mbegu hatukati mti, lakini tukiokota zote, mti mpya utatoka wapi? Tuache nyingi chini, na nyingine tuzipande. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji nafasi ya kuwa na msitu wake wa hifadhi, kwa hiyo tuanze kwa kuomba ruhusa ya serikali ya kijiji.

Kwa maoni yangu mradi huu unawezekana, ila mtaji wake wa kwanza si fedha. Ni ujuzi: mbegu ipi, huiva lini, hutobolewa vipi, ipi haiguswi. Nashauri kabla ya mkutano mkuu ujao kila mwanachama alete mbegu moja anayoijua, na jina lake kwa Kifipa, Kiwanda, Kisukuma au lugha yoyote ya nyumbani kwake, pamoja na jina la aliyemfundisha. Katibu aandike daftarini, pembeni ya hesabu za hisa. Haba na haba hujaza kibaba, na daftari hilo litakuwa akiba ambayo binti zetu hawatahitaji kuirejesha kwa riba.

Mungu akibariki kikundi chetu.